Hata kilindini kuna masika

Ilikuwa katikati ya mwezi wa tano, mvua zimeanza kupungua Moshi lakini njia za soko la Mbuyuni bado tope tupu, na mimi nimesimama mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza samaki wanaoletwa na basi kutoka Tanga. Meza ilikuwa karibu tupu. Vibua wachache, basi. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, samaki changu hakuna wiki hii?" Akasema bahari bado ina udongo. Akaona sura yangu haijaelewa, akachukua simu akampigia mdogo wake aliyeko Pangani, akaweka spika nisikie mwenyewe.

Kaka akaongea haraka haraka, upepo unavuma nyuma yake. "Juu maji mekundu, ukizama pima mbili tatu unakuta meupe. Ila juzi bamvua limekoroga, sasa hivi chini ndo kubaya kuliko juu. Mwambieni asubiri maji mafu."

Simu ikakata. Kwa sisi wa bara: pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, bamvua ni siku ambazo maji yanapanda na kushuka sana, na maji mafu ni siku ambazo yanapanda na kushuka kidogo. Nikafungiwa vibua vyangu nikaondoka.

Lakini ile sentensi haikuondoka.

Juu mekundu, chini meupe, halafu siku chache baadaye kinyume chake, na yote hayo sehemu moja. Sisi tuliokulia huku juu maji tunayoyajua ni ya mto, na mto ukichafuka umechafuka wote, kuanzia juu mpaka kwenye mawe. Nikawa najiuliza kwenye daladala, najiuliza nikiwa napika, hivi hizo chembe zinazoelea baharini zinajipanga vipi, nani anazipandisha, nani anazishusha, na zikishuka zinaishia wapi? Na lile swali lingine ambalo mtu wa Moshi hawezi kulikwepa: ule wekundu wa Pangani, si ndo udongo wetu?

Chupa dirishani

Nilianza na nilichonacho. Nikaenda mto Karanga ukiwa bado umejaa, nikachota maji kwenye chupa mbili kubwa za plastiki, nikaja kuziweka dirishani jikoni.

Mchanga ulikuwa chini hata kabla sijaachia chupa vizuri. Kwa muda wa kama saa moja hivi likashuka tabaka lingine, laini zaidi, la kijivu. Halafu pakawa kimya. Kesho yake asubuhi maji bado yana rangi, ukiweka kiganja nyuma ya chupa hukioni, na jioni vile vile. Kilichobaki humo ni mfinyanzi, chembe ambazo nyingine hazifiki hata mikrometa mbili, yaani sehemu mbili tu kati ya elfu moja za milimita.

Sababu ya tofauti hiyo ilishaandikwa na George Gabriel Stokes tangu 1851: chembe ndogo ikizama kwenye maji, kasi yake inafuata mraba wa ukubwa wake. Ukipunguza kipenyo mara kumi, kasi inapungua mara mia. Punje ya mchanga mwembamba wa sehemu ya kumi ya milimita inashuka karibu sentimita moja kwa sekunde. Chembe ya mfinyanzi ya mikrometa moja, kwenye maji yaliyotulia kabisa, inashuka kama sentimita 7 kwa siku nzima. Ikae hiyo namba, nitairudia.

Kisha nikachukua chupa moja nikatia chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo chupa ya lita moja na nusu inataka vijiko vitatu vya chakula hivi. Nikatikisa, nikaweka pembeni ya mwenzake, nikavuta kigoda.

Aisee.

Haikupita hata nusu saa nikaanza kuona vibonge. Mwanzoni ni kama macho yananidanganya, maji yanakuwa na chengachenga ambazo hazikuwepo, halafu chenga zinashikana, zinakuwa vipande vya utando laini ambavyo ukigusa chupa vinavunjika halafu vinaungana tena, vinaenda chini taratibu vinaacha sehemu ya juu nyeupe. Jioni niliona kiganja changu kupitia ile ya chumvi, nusu ya juu yote. Ile isiyo na chumvi ilikuwa vile vile.

Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi juu yake, kwenye maji yasiyo na chumvi zinasukumana ndo maana hazishikani. Chumvi inaibana ile chaji, zikigongana zinaganda pamoja, na bonge linashuka haraka kuliko chembe. Waliokulia kwenye maji ya mtungi wanaijua hii habari kwa njia ya shabu au mbegu za mlonge zilizopondwa, kazi inafanana ingawa si kitu kile kile. Mto unapokutana na bahari ndicho kinachotokea, bila mtu kutia kijiko. Ndo maana udongo mwingi wa mto hauendi mbali, unaangukia mdomoni pale pale na kwenye mizizi ya mikoko.

Maji mepesi hukaa juu

Sasa tumrudie kaka wa Pangani na pima zake.

Maji ya mto hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi, yakitoka mdomoni hayazami. Yanatandaza juu ya maji ya chumvi tabaka jembamba, saa ingine mita moja au mbili tu, likibeba udongo wake, linasukumwa na upepo na mkondo huku na huku. Chini yake ni bahari yenyewe, haijui hata kama kuna mafuriko. Mvuvi akizama anatoboa lile zulia anatokea kwenye mwanga wa kijani. Hilo la kwanza likawa limeeleweka.

La pili ni bamvua. Pwani yetu maji yanapanda na kushuka mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, na maji yote hayo lazima yapite mahali, yanaingia kwenye mikondo kati ya miamba na fungu la mchanga, yanaingia mtoni, yanatoka, mara mbili kwa siku. Mwendo huo unakwangua sakafu. Udongo uliokuwa umelala chini tangu wiki iliyopita unaamshwa, na kwa sababu umeamshwa kutoka chini, uchafu unakuwa mzito zaidi karibu na sakafu. Yakija maji mafu, mwendo unapungua, unalala tena.

Kwa hiyo chembe moja ya udongo pale Pangani haifiki mara moja ikatulia. Inalala, inaamka, inasogea kidogo, inalala. Inaweza kufanya hivyo miezi.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe hiyo ni pwani tu, maji ya mita kumi ishirini. Mkondo wa Pemba una kina cha kama mita 800, na ukipita visiwa ukaenda mashariki unafika kwenye maelfu ya mita. Huko nako kukoje?

Huko kwanza chembe ni chache mno. Mdomo wa mto wakati wa mafuriko unaweza kubeba mamia ya miligramu kwa kila lita. Maji ya pwani yaliyotulia yana miligramu chache. Bahari kuu kilindini mara nyingi ni kama sehemu ya mia ya miligramu kwa lita, watafiti inabidi wachuje lita nyingi sana ili karatasi ya chujio ipate tu cha kupima. Lakini huo uchache nao una mpangilio. Juu kuna uhai, na chembe nyingi za bahari kuu sio udongo kabisa: ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, vidudu vinavyoila, maganda yao, kinyesi chao, mabaki yao. Mara nyingi kilele hakiko juu kabisa, kiko makumi ya mita chini, pale mwanga wa kutoka juu unapokutana na virutubisho vya kutoka chini. Ukiendelea kushuka zinapungua, zinapungua, unafika kwenye maji masafi kupita yote. Halafu ukikaribia sakafu zinaongezeka tena.

Hilo la mwisho lilinishika. Maurice Ewing na Edward Thorndike waliripoti 1965 kwamba kilindi cha Atlantiki kina tabaka la ukungu juu ya sakafu, na baadaye ikaonekana sehemu nyingine tabaka hilo ni nene mamia ya mita. Mikondo ya chini kabisa, kwenye giza, nayo inakwangua na kuamsha kama bamvua linavyofanya Pangani.

Kalenda tatu

Swali la majira nililifikiria kirahisi mwanzoni, mvua ikinyesha kuna chembe, jua likiwaka hakuna. Ukiongea na watu wa pwani inavunjika haraka.

Kaskazi, tuseme Desemba mpaka Machi, upepo ni wa wastani, jua ni kali, maji ya juu yanapanda mpaka karibu nyuzi 30. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu yamejitenga, ya chini yenye virutubisho yanabaki chini. Ndo wakati maji yanakuwa maangavu na wazamiaji wanafurahi. Ila hata hapo sio tupu: kuna bakteria wanaoitwa Trichodesmium wanaopenda utulivu huo huo, wana uwezo wa kutumia naitrojeni ya hewani kwa hiyo hawasubiri cha kutoka chini, na wakizidi wanatengeneza michirizi ya kahawia juu ya maji ambayo mtu asiyejua anaweza kusema ni uchafu wa meli.

Halafu masika, mito inafunguka. Na masika yanamalizikia mikononi mwa kusi, upepo unakuwa mkali, bahari inapoa mpaka nyuzi 25 hivi, tabaka la juu linachanganywa mpaka kina kirefu zaidi, mkondo wa pwani unaopanda kwenda kaskazini unaongeza kasi. Mawimbi yanafika kwenye sakafu ya maji mafupi na kuamsha kilicholala. Mto unaweza kuwa umeshatulia Juni, Julai, lakini maji ya ufukweni bado hayajatakata, na sababu sio mvua tena. Kisha vuli, mito tena, kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo kuna kalenda ya mvua, kuna kalenda ya upepo, na juu yake kuna kalenda ya mwezi inayoleta bamvua kila baada ya wiki mbili. Hazipatani tarehe. Ukichota ndoo moja ya maji ya bahari siku moja ukapima chembe zake huwezi kujua umepima kalenda ipi, na hii inaniudhi nikisoma ripoti za mazingira zenye sampuli zilizochukuliwa mara moja tu, siku watafiti walipopata gari, bila hata kuandika kama ilikuwa bamvua au maji mafu.

Hesabu iliyokataa

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu.

Rudi kwenye ile sentimita 7 kwa siku. Chukua bahari ya mita 3,000. Gawa. Unapata zaidi ya miaka 100. Yaani chembe ya mfinyanzi iliyoingia kwenye maji masika ya mwaka huu ingefika chini wakati wa vitukuu vyetu, na njiani mikondo ingekuwa imeizungusha bahari nzima, masika ya sasa yakichanganyika na ya zamani za Mjerumani. Kwa hesabu hiyo kilindini hakuwezi kuwa na majira. Majira yote yanafutika njiani, chini kunabaki mvua moja nyembamba isiyobadilika, karne nenda karne rudi.

Ilinihuzunisha, sijui niseme vipi. Bahari yenye kaskazi na kusi juu, na chini yake hakuna kitu kinachojua kwamba mwaka umegeuka. Na kwa muda mrefu wanasayansi wengi waliichukulia hivyo, kilindi ni mahali pasipobadilika, baridi ile ile, giza lile lile.

Mwaka 1980 Werner Deuser na Edith Ross wakachapisha matokeo ya mtego wa mashapo walioutega kwenye bahari ya Sargasso, karibu na Bermuda, mita 3,200 chini. Mtego huo ni chombo kama faneli kubwa inayokinga kinachoanguka. Kilichoanguka kilikuwa kinapanda na kushuka kwa majira, kikifuata uhai wa juu.

Mita 3,200 chini, na kuna msimu!

Miaka mitatu baadaye, 1983, watafiti wa Uingereza wakaonyesha kwamba kwenye sakafu ya bahari kusini-magharibi ya Ayalandi, baada ya mimea midogo kuchipua juu majira ya kuchipua, utando wa mabaki yake ulionekana umetandikwa juu ya tope wiki chache tu baadaye. Wiki. Sio karne.

Kwa hiyo hesabu ya Stokes ina kasoro? Hapana, hesabu ni sahihi. Kilichokosekana ni usafiri.

Chembe haishuki peke yake. Vidudu vidogo jamii ya kamba vinakula mimea na kumeza mfinyanzi pamoja nayo, vinatoa kinyesi kilichofungwa vizuri, kizito. Mimea inayokufa inatoa ute, ute unanasa chembe nyingine, maganda, vumbi, bakteria, linajengeka donge laini linaloning'inia majini. Mwaka 1953 Wajapani wawili, Suzuki na Kato, waliyaita theluji ya baharini, na jina likabaki. Madonge hayo yanashuka makumi ya mita kwa siku, mengine zaidi ya mia. Ni sawa na mtu anayetoka Moshi kwenda Dar kwa mguu na mwingine aliyepanda basi: mwenye basi anafika akiwa bado anakumbuka hali ya hewa ya nyumbani. Mita 3,000 kwa mita mia kwa siku ni mwezi mmoja.

Na vingi havifiki mwisho, viko vinavyoliwa njiani. John Martin na wenzake 1987 walitoa mlinganyo unaotumika hadi leo, na ukiupigia hesabu unakuta kati ya kaboni inayopita mita 100 ikishuka, kama asilimia 14 tu ndiyo inayopita mita 1,000. Kilindi kinaishi kwa makombo. Lakini makombo hayo yanakuja kwa msimu.

Kilichonigusa zaidi ni cha bahari yetu wenyewe ya Hindi. Kuanzia 1986 watafiti wa India na Ujerumani walitega mitego kwenye bahari ya Arabu, na walichokiona ni kwamba kinachoanguka kilindini kinaongezeka sana upepo wa monsuni unapovuma, hasa ule wa Juni mpaka Septemba. Huo upepo unaujua. Ni kusi yetu, ikivuka ikweta inapinda na kuwa ya kusini-magharibi, inasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia na Omani, maji baridi yenye virutubisho yanapanda kuchukua nafasi, uhai unalipuka, na wiki chache baadaye theluji inaanguka gizani.

Kwa hiyo upepo unaomzuia kaka wa Pangani asitoke mwezi wa saba, kaskazini zaidi unapeleka chakula maelfu ya mita chini. Nilikaa na hilo siku nyingi.

Je, ni udongo wetu?

Sasa lile la mwanzo.

Ramani inasema ndiyo. Themi inatoka Arusha, Karanga na Weruweru na Kikafu zinatoka Kilimanjaro, zote zinaishia Kikuletwa. Ruvu, sio ile ya mkoa wa Pwani, inakuja upande wa pili. Kikuletwa na Ruvu zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, hapo unatoka mto Pangani unaenda mpaka bahari ya Hindi. Bonde lote ni zaidi ya kilomita za mraba 40,000, na ofisi ya bodi yake ya maji iko hapa hapa Moshi. Kila mvua inayoosha shamba la Machame au kichochoro cha Ngarenaro ina njia ya kufika baharini.

Njia ipo. Lakini inapitika?

Nilienda Nyumba ya Mungu kuangalia kwa macho. Upande maji yanakoingia rangi ni ile ile ya chupa yangu ya kwanza. Upande wa ukuta, maji ni ya kijani, wavuvi wametandaza nyavu, na wala huoni dalili ya ule wekundu. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 na limekuwa likipunguza mwendo wa mto tangu wakati huo, na mto ukipunguza mwendo unaachia mzigo. Mchanga kwanza, halafu tope. Mfinyanzi mwembamba kabisa ndo una nafasi ya kupita, na ukipita unakutana na kinamasi cha Kirua, matete kila upande. Chini zaidi ndo inaingia Mkomazi, na Luengera kutoka Usambara, ambazo hazikupita bwawani kwetu, halafu kuna mitambo ya umeme ya Hale ya 1964 na Pangani ya 1995.

Kwa hiyo ule wekundu alioongelea kaka, sehemu kubwa nadhani ni ya Usambara na ya mabonde ya chini. Udongo wetu umelala Nyumba ya Mungu.

Kuna mtu atasema basi afadhali, bahari imepona. Mimi sioni hivyo. Kila tani inayolala pale inakula nafasi ya maji, na huku pwani fungu la mchanga na mikoko vinavyotegemea mto kuleta mashapo vinakosa sehemu yao, na maji ya chumvi yanapanda mtoni kuingia kwenye mashamba ya watu wa Pangani kwa sababu mto umepungua nguvu. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tembea kingo za Karanga au Themi mwezi wa tatu, kabla mvua hazijaanza, uone mahindi na mboga zinalimwa mpaka kwenye maji. Wanaolima pale wana watoto wa kulisha, siwanyooshei kidole, lakini udongo ule ukiondoka haurudi, na wala haufiki mahali panapouhitaji.

Kinachopita kwenye chujio

Halafu likaja wazo lililobadilisha swali lenyewe.

Watafiti wanaopima chembe wanachuja maji kwa karatasi yenye matundu ya kama nusu mikrometa, mara nyingi 0.45 au 0.7. Kinachobaki juu wanakiita chembe, kinachopita wanakiita kilichoyeyuka. Ni mpaka uliochorwa na binadamu, asili haina mstari hapo, lakini kazi lazima ifanyike.

Watu wa Arusha hawahitaji kuambiwa kwamba maji maangavu yanaweza kuwa na vitu. Floridi ya Meru haionekani kwenye glasi hata ukiiweka juani, inaonekana miaka baadaye kwenye meno ya mtoto. Mwamba wa volkano unayeyuka kidogo kidogo na kutembea na maji bila rangi yoyote. Pamoja na floridi kuna silika, madini ya mchanga na kioo, na silika iliyoyeyuka haizami bwawani kwa sababu tu mto umepunguza mwendo. Baadhi inaliwa na mimea midogo ya bwawani na kubaki, nyingine inapita.

Baharini kuna mimea midogo inaitwa diatomu, inajenga ganda lake kwa silika. Inaichukua ikiwa imeyeyuka, inaigeuza kuwa ganda. Yaani kitu kilichopita kwenye chujio juu mlimani, kikapita bwawani bila kuonekana, kinakuja kuwa chembe baharini! Diatomu ikifa ganda lake zito linasaidia donge la theluji kushuka haraka.

Silika nyingi ya bahari kuu inapanda kutoka kilindini, mchango wa mto mmoja kama Pangani ni mdogo, na hilo sitaki kulikuza. Ila njia ipo na inapitika. Nilikuwa naufuata udongo kwa macho kwa sababu una rangi, kumbe kinachotoka Kibo na Meru kikafika mbali zaidi ni kile ambacho hakuna anayekiona kikipita chini ya daraja.

Sahani nyeupe

Nimemaliza bando nyingi kwenye picha za setilaiti za rangi ya bahari. Ni nzuri, zipo mfululizo tangu 1997, unaona kusi ikibadilisha rangi ya pwani ya Somalia mwaka baada ya mwaka. Kwa Pangani zina shida mbili. Zinaona tabaka la juu tu, kwa hiyo ile habari ya chini kubaya kuliko juu hazina namna ya kuijua. Na masika, wakati mito imejaa na tunazihitaji zaidi, juu kuna mawingu wiki nzima, unapakua picha unapata weupe.

Kuna kifaa cha zamani kuliko zote. Mwaka 1865 padri mmoja mwanasayansi wa nyota, Angelo Secchi, akiwa kwenye meli ya Papa huko Mediterania, alishusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane, akapima kamba. Basi. Wanasayansi wa bahari bado wanaitumia. Haikuambii chembe ni za nini na haifiki kilindini, lakini inajumlisha uchafu wote wa maji uliopita njiani na haizuiwi na mawingu ya juu wala haidai bando.

Kama uko Pangani, Tanga, Kigombe, Bagamoyo, una ngalawa au unapanda ya mtu, nakuomba hili kwa dhati. Kata duara la bati au ubao lenye upana wa sentimita 30, lipake rangi nyeupe isiyong'aa, lifungie jiwe chini na kamba yenye mafundo kila nusu mita. Shusha upande wa ngalawa wenye kivuli, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, angalia mpaka ipotee, vuta mpaka ionekane, chukua katikati. Awe mtu yule yule anayeangalia kila mara, macho yanatofautiana. Andika tarehe, mahali, upepo unatoka wapi, maji yanajaa au yanatoka, na tafadhali andika kama ni bamvua au maji mafu. Kama mto umejaa siku hiyo andika pia, hata kwa maneno tu.

Nitumie hapa chini kwenye maoni. Nitapanga kila kitu kwenye jedwali moja na nitaliweka wazi, yeyote alichukue, kuanzia kaskazi hii inayokuja mpaka kusi iishe.